MRI ya neva: maswali mnayoniuliza kila siku pale mlangoni

Nafanya kazi chumba cha MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na karibu kila wiki kuna mtu anakuja na mkono uliolegea au mguu unaowaka moto ana bahasha ya picha ambazo hazijamsaidia chochote. Maswali yao yanafanana sana kwahiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu ambayo huwa natoa, mengine marefu mengine mafupi.

Kabla ya yote, neno "mshipa" linatuchanganya. Mtu akisema ana tatizo la mshipa, mmoja ataelewa mshipa wa damu, mwingine ataelewa msuli, na huko mtaani wengine wataelewa ngiri kabisa. Mimi hapa nasema neva, yaani ule uzi unaobeba taarifa kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli na ngozi, na kurudi.

Hii MRI ya neva ndo nini, si MRI ile ile tu?

Mashine ni ile ile. Kinachobadilika ni namna tunavyoipangia kupiga. MRI ya kawaida ya mgongo inaangalia pingili, diski na uti wa mgongo wenyewe, na neva ikishachomoka kwenye tundu la pingili inakuwa imechomoka pia kwenye picha, hatuifuati tena. Ya neva inaanzia hapo ambapo ile nyingine imeishia, inaufuata uzi begani, kwapani, kwenye paja, popote daktari anapohisi umeumia.

Jina lake la kitaalamu ni nyurografia. Daktari Aaron Filler na wenzake, kundi lililokuwa na watu London na Seattle, walionyesha njia yake kwenye jarida la Lancet mwaka 1993. Sio kitu cha jana, ila mpaka leo wagonjwa wengi huku kwetu hawajawahi kusikia kama ipo.

Nimeshapiga MRI ya shingo wakasema iko sawa, mbona mkono haunyanyuki?

Hili swali ndo linaloniuma kuliko yote, mana linakuja kila mara na kila mara muda umeshapotea.

Neva za mkono zinatoka kwenye mizizi mitano, minne ya shingo kuanzia C5 mpaka C8 na mmoja wa juu kifuani, T1. Ikishatoka inapita katikati ya misuli ya pembeni ya shingo, inaungana na kugawanyika na kuungana tena, inapita nyuma ya mtulinga, inaingia kwapani na hapo ndo zinatokea zile neva zinazoshuka mkononi. Huo msuko wote unaitwa pleksasi ya bega. Sasa mtu kaanguka na bodaboda, kichwa kimeenda huku bega limeenda kule, neva zimevutwa hapo kati. Akipelekwa MRI ya shingo, picha inakata pingili na uti wa mgongo, bega halimo. Ripoti inasema kawaida, na kweli ni kawaida kwa sehemu iliyoangaliwa, mgonjwa anarudi nyumbani anaambiwa afanye mazoezi tu, miezi minne baadae bado mkono unaning'inia ndo mtu mmoja anashtuka.

Kwahiyo ukiona mkono au mguu haufanyi kazi na picha ya mgongo ni safi, uliza kwa heshima kabisa: dokta, je neva yenyewe huko nje ya mgongo imeangaliwa? Ni haki yako kuuliza.

Sasa mashine inaionaje neva wakati ni uzi mdogo hivyo?

MRI inasikiliza maji yaliyomo mwilini. Neva iliyoumia inavimba na kushika maji zaidi, na kwenye aina fulani ya picha maji yanang'aa meupe. Shida ni kwamba na mafuta nayo yanang'aa, na neva imezungukwa na mafuta, ni kama kutafuta uzi mweupe kwenye pamba. Kwahiyo tunayazima mafuta, kuna mbinu kadhaa (STIR na Dixon ndo zinatumika sana), alafu mafuta yanakuwa meusi na neva inabaki inaonekana. Tunapiga pia picha nyingine ambayo mafuta tumeyaacha, hiyo inaonyesha umbo la neva na kama kuna kovu au mfupa umeibana.

Neva isiyoumia ukiikata kwenye picha inafanana na waya wa umeme uliokatwa, unaona vinyaya vidogo vidogo ndani vimepangana vizuri. Iliyoumia inakuwa nene, inang'aa kupita kiasi, na vile vinyaya vinapotea au kimoja kinavimba kuliko wenzie.

Alafu kuna misuli, na hapa watu hawategemei. Msuli ukikatiwa mawasiliano na neva unaanza kung'aa kwenye picha ndani ya siku chache tu, miezi ikipita bila neva kurudi unasinyaa na mafuta yanaanza kuingia. Daktari wa picha akiangalia ni misuli gani imebadilika anaweza kukwambia neva gani imeumia hata kama neva yenyewe haionekani vizuri. Mafuta yakishajaa kwenye msuli hiyo ni habari mbaya, mana hata neva ikirudi itakuta msuli wa kuamrisha haupo.

Na ile ya rangi rangi inayochora neva kama nyuzi?

Hiyo ni DTI. Inapima maji yanatembea kuelekea wapi, kwenye neva nzima maji yanapita kwa urefu wa uzi kuliko kukata upande, na kompyuta inageuza huo mwendo kuwa mistari ya rangi. Kuna namba inatoka kati ya 0 na 1, ikikaribia 1 maana yake maji yanafuata njia moja, neva ikiharibika inashuka. Inapendeza na inasaidia, hasa kuona uvimbe umeisukuma neva pembeni au umeimeza. Ila mgonjwa akitikisika kidogo tu inaharibika, na namba za mashine moja hazilingani na za mashine nyingine, kwahiyo kama hospitali yenu haina hiyo usihuzunike, picha zile za kuzima mafuta zikipigwa vizuri ndo zinafanya kazi kubwa.

Mdogo wangu kaanguka na bodaboda, mkono umelegea kabisa. Tuje lini?

Kwanza aangaliwe kichwa, shingo, kifua na mishipa ya damu ya mkono, hayo hayasubiri hata saa moja. Neva inafuata baada ya hapo, ila isisahaulike, na ndo inayosahaulika.

Jeraha la neva lina ngazi, tangu mwaka 1943 madaktari wanatumia mgawanyo wa daktari Mwingereza Seddon wa ngazi tatu. Ya kwanza neva imeshtuka tu, ganda lake limeumia lakini uzi wa ndani uko mzima, hiyo inarudi yenyewe kwa wiki au miezi michache. Ya pili nyuzi za ndani zimekatika ila mrija unaozibeba upo, zinaweza kuota upya. Ya tatu vyote vimekatika, hapo bila upasuaji hamna kitu. Alafu kuna kisa kibaya kuliko vyote, mzizi umeng'oka kwenye uti wa mgongo kwenyewe, kama muhogo uliong'olewa ardhini, huo haushoneki mahali pake.

MRI inaweza kuonyesha mizizi iliyong'oka, mara nyingi pale ilipotoka panabaki kifuko cha maji ya uti wa mgongo. Wengi wanapendelea kupiga kwenye wiki ya 3 au ya 4, damu na uvimbe wa ajali vikiwa vimetulia. Na muangalie jicho la upande ule ule wa mkono, kama kope limeshuka kidogo na mboni imekuwa ndogo kuliko ya upande wa pili mwambieni daktari, hiyo ni dalili kwamba mzizi wa T1 unaweza kuwa umeng'oka.

Kwa nini nasisitiza muda? Neva inaota taratibu sana, kama milimita 1 kwa siku. Toka begani mpaka vidoleni kwa mtu mzima ni kama sentimita 60 na zaidi, piga hesabu mwenyewe, ni siku 600. Na msuli haungoji milele, ukikaa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu bila neva unakuwa umeshaharibika. Ndo mana wapasuaji wa neva wanataka kumuona mgonjwa mapema na kama hakuna dalili ya kurudi wanapenda wafanye upasuaji kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Mwaka 1994 daktari Mfaransa Oberlin alieleza namna ya kuazima sehemu ndogo ya neva inayokwenda kiganjani na kuiunganisha na ya msuli wa kukunja kiwiko, na inafanya kazi, watu wanakunja mkono tena. Lakini mtu akifika mwezi wa 18 hata mikono ya mpasuaji iwe hodari vipi nafasi ni ndogo.

Kwa walio Dar, MOI pale Muhimbili ndo taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo na neva, muombe daktari wenu rufaa, msikae nyumbani mkipaka dawa za kuchua.

MRI na kile kipimo cha kuchoma sindano na umeme, kipi bora?

Wanajibu maswali tofauti. Kipimo cha umeme kinasema neva inafanya kazi kiasi gani, MRI inasema tatizo liko wapi na linafananaje. Umeme ukipimwa mapema sana baada ya ajali unaweza kudanganya mana uzi uliokatika bado unapitisha umeme upande wa chini kwa siku kadhaa, na zile dalili za msuli kukosa neva zinatokea kwenye sindano baada ya wiki 2 mpaka 3. Picha ya msuli inatangulia hapo. Lakini baadae, kujua kama neva imeanza kurudi, kipimo cha umeme ndo kinatoa habari njema mapema. Ukiweza kuvipata vyote viwili fanya vyote viwili.

Altrasaundi je? Si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na kwa neva zilizo karibu na ngozi inaweza kushinda MRI. Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, neva ikiwa imebanwa kwenye kifundo cha mkono, daktari mzoefu anaitambua kwa kukuuliza na kukupima tu, akitaka uhakika kipimo cha umeme au altrasaundi vinatosha. Neva inayopita nyuma ya kiwiko nayo hivyo hivyo. Tatizo linakuja kwa zilizojificha, nyuma ya mtulinga, ndani ya nyonga, chini ya makalio, huko altrasaundi haifiki vizuri.

Nina sukari, nyayo zinawaka moto usiku. Nipige MRI?

Kwa wengi jibu ni hapana, na nakwambia hivi nikiwa mtu ninayefanya kazi na hiyo mashine. Ganzi inayoanza vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu kama soksi, kwa mtu mwenye sukari ya muda mrefu, inatambulika kwa kumpima mgonjwa na kudhibiti sukari. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wameonyesha kwa MRI ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwamba uharibifu upo hata juu kwenye neva kubwa ya paja wakati mgonjwa analalamika nyayo, ni jambo kubwa kwa sayansi, ila kwako wewe halibadilishi dawa. Hela hiyo nunua dawa, viatu vizuri na vipande vya kupimia sukari, na nyayo zako uziangalie kila jioni.

Ila kama ni mguu mmoja tu, au umeanza ghafla, au paja linauma vibaya na linakonda, hiyo sio ile ya kawaida, nenda kaonwe.

Mtoto alichomwa sindano ya makalio, toka siku hiyo mguu unaburuza.

Pole sana mama. Neva kubwa ya mguu inapita makalioni, na sindano ikichomwa vibaya inaweza kuigusa au dawa ikaingia ndani yake. Sehemu inayoumia zaidi ni ile inayokwenda kunyanyua unyayo, ndo mana mtoto anaburuza vidole. MRI inaweza kuonyesha neva ilipovimba na kama kuna kovu limeikamata. Lakini hata kabla ya picha mtoto aanze mazoezi na awekewe kifaa cha kushika mguu ili usikakamae umeelekea chini, hilo ni la wiki hii, picha inaweza kusubiri. Na kwa watoto wadogo sindano za chanjo zinachomwa pajani kwa mbele upande wa nje kwa sababu hiyo hiyo, una haki ya kuuliza nesi anachoma wapi.

Neva imevimba naiona kabisa chini ya ngozi, na kuna baka lisilo na hisia.

Usianze na MRI. Nenda kituo cha afya leo uangaliwe ukoma. Bado upo, dawa zake ni bure, na unapona. Neva ya kiwiko, ya nje ya goti na ya pembeni ya shingo ndo zinazopenda kuvimba. Zikianza kuuma ghafla au mkono ukapoteza nguvu ni dharura, kuna dawa za kutuliza zinazookoa neva zikiwahi.

Wameona uvimbe kwenye neva, ni kansa?

Uvimbe mwingi wa neva sio kansa. Shwanoma na nyurofibroma zinakua polepole, na kwenye picha neva inaonekana inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, mara nyingine katikati ni giza na pembeni panang'aa kama shabaha ya mishale. Dalili za kutia wasiwasi ni kukua haraka, maumivu makali yasiyoisha usiku, na kupoteza nguvu, hasa kwa mwenye ule ugonjwa wa kuzaliwa wa vinyama vingi mwilini na madoa ya rangi ya kahawa. Nakuomba kitu kimoja, usikubali mtu aukate "kinyama" kwa haraka haraka bila picha, nimeona uvimbe umetolewa na neva nzima imekwenda nao, na mtu alikuja akiwa na mkono unaofanya kazi.

Lazima nichomwe ile dawa ya kung'arisha?

Mara nyingi hapana. Neva iliyovutwa au kubanwa inaonekana bila dawa. Ya gadolini tunaitumia tukihisi uvimbe, maambukizi au neva inayoshambuliwa na kinga ya mwili. Kama figo zako zina shida sema mapema kabla hujalala kwenye kitanda, na kama una mimba tunaikwepa. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Nina chuma mguuni. Na hirizi je?

Vyuma vya kushikilia mifupa mara nyingi havina hatari ila vinachafua picha jirani yake, tuna mbinu za kupunguza uchafu huo japo haziumalizi. Lete barua ya upasuaji inayosema ni chuma gani. Kifaa cha kuendesha moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani, klipu zilizowekwa ndani ya kichwa kwa upasuaji, vipande vya risasi, au kama umewahi kufanya kazi ya kuchomelea na cheche ikaingia jichoni, sema, hata kama hujaulizwa. Pini za nywele, wigi lenye waya, bangili, shanga zenye waya, hirizi yenye kasha la bati, vyote vinabaki nje. Kwenye hirizi huwa watu wanaona aibu kusema, usione aibu, hatutakucheka wala kukuhubiria, tunataka tu isivutwe na sumaku.

Inachukua muda gani, na mimi naogopa kufungiwa.

Saa nzima au zaidi kidogo, ndefu kuliko MRI ya mgongo mana eneo ni kubwa na picha ni nyembamba, kama milimita 1. Inapiga kelele sana, tunakupa vizibo vya masikio. Unapewa kitufe mkononi, ukibonyeza tunakuja. Ukiogopa tuambie mapema, ndugu anaweza kukaa nawe chumbani akishaulizwa maswali yale yale ya vyuma, na kuna dawa ya kutuliza daktari anaweza kuandika. Unachotusaidia ni kutotikisika, kwenye bega hata pumzi nzito inatikisa picha.

Tesla 3 au 1.5?

Ukiwa na uchaguzi, Tesla 3, inaonyesha vinyaya vya ndani vizuri zaidi. Ila 1.5 yenye koili nzuri (kile kifaa tunachokuwekea mwilini kupokea picha) na mpigaji anayejua anachotafuta inashinda Tesla 3 ya mtu aliyebonyeza programu ya mgongo kwa mazoea. Na kama una chuma karibu, 1.5 haichafuki sana kama 3.

Ripoti inasema neva "inang'aa kidogo". Nimeumwa?

Tulia kwanza. Neva za pleksasi ya bega hata kwa mtu asiyeumwa zinang'aa kidogo. Na neva ikilala kwa pembe ya karibu nyuzi 55 na sumaku ya mashine inang'aa kwa uongo, ni tabia ya kifizikia tu. Ndo mana mng'ao peke yake hautoshi, tunaangalia na unene, vinyaya, misuli, na zaidi ya yote kama sehemu inayong'aa inaendana na unapoumwa.

Na kinyume chake pia: picha safi haimaanishi unajifanyisha. Kuna ugonjwa wa nyuzi nyembamba sana zinazobeba maumivu na joto, MRI haizioni kabisa, na mgonjwa anaungua kweli.

Daktari aandike nini kwenye fomu?

Akiandika "MRI mkono, maumivu" sisi tutapiga mkono. Aandike misuli gani haifanyi kazi, ganzi iko wapi, ilianza tarehe gani, ilikuwa ajali au ilikuja yenyewe, na anahisi neva gani. "Ajali ya pikipiki tarehe fulani, bega halinyanyuki, kiwiko hakikunji, vidole vinafanya kazi, angalia pleksasi ya bega upande wa kulia." Hiyo mistari miwili inabadilisha kila kitu tunachopiga. Kama fomu yako haina hayo, niambie mwenyewe ukifika, nina kalamu na nina muda wa kukusikiliza kabla hujalala.

Picha za zamani nije nazo?

Njoo nazo zote, na CD yenyewe, karatasi ya ripoti peke yake haitoshi. Ile MRI ya shingo iliyosema kawaida nayo usiitupe, mara nyingine tukiifungua tena kwenye pembe ya picha ya mwisho kuna kifuko cha maji ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta.